Ubaguzi Unaojificha Kwenye Waraka

Mwanafunzi wa sheria nchini Ufaransa hulikuta jina la GISTI mapema sana katika masomo yake. Hulikuta kwenye mikusanyo ya hukumu kuu za Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa inayoamua kesi kati ya mtu na serikali: kuna hukumu ya GISTI ya 1978, ya 1990, ya 2020, na nyingine katikati. Wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani bila kujiuliza huyo GISTI ni nani. Ni chama cha hiari, kisichotafuta faida, kilichoanzishwa Paris mwaka 1972 na wanasheria, wafanyakazi wa ustawi wa jamii na maofisa vijana wa serikali, ili kuwapa wafanyakazi wahamiaji habari na msaada wa kisheria. Chama cha kutetea wageni ndicho kilichoipa Ufaransa baadhi ya hukumu zinazomlinda hata Mfaransa mzawa. Jambo hilo linastahili kuelezwa, kwa sababu linapingana na dhana iliyozagaa katika nchi nyingi, za kwetu zikiwemo, kwamba haki anayopewa mgeni imemegwa kutoka kwenye fungu la mwenyeji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ufaransa ilihitaji watu wa kujenga nyumba, kuchimba makaa ya mawe na kuunda magari. Wakaja Waalgeria, Wareno, Wamoroko, Watunisia, na baadaye watu wa Mali na Senegali. Sheria kuu iliyowahusu wageni ilikuwa ile ya tarehe 2 Novemba 1945, lakini maisha yao ya kila siku yaliendeshwa na nyaraka: maelekezo ya mawaziri kwa maofisa wa chini, mengi yakiwa hayajachapishwa popote, yakieleza nani apewe kibali na nani anyimwe. Mwaka 1972 nyaraka mbili, za mawaziri Marcellin na Fontanet, zilifungamanisha kibali cha kuishi na mkataba wa kazi na makazi yanayofaa. Mwajiri akikuachisha kazi, alikuwa amekuweka pia kwenye njia ya kufukuzwa nchini. Mtu aliye katika hali hiyo atadai vipi mshahara wake uliopunjwa? Katika miji kadhaa wahamiaji waligoma kula. Watu wema wa kuwapelekea blanketi na chakula walikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuusoma waraka mstari kwa mstari na kuuliza kama waziri alikuwa na mamlaka ya kuuandika.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai 1972, Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kuadhibu uchochezi wa chuki ya rangi. Ilikuwa sheria njema, na bado inafanya kazi. Lakini ukiziweka pamoja, sheria hiyo na zile nyaraka mbili, unaona tatizo lote. Dola ilikuwa imeufunga mdomo wa mbaguzi wa mtaani huku kalamu yake yenyewe ikimwacha mfanyakazi mgeni mikononi mwa bosi wake. Sisi tumezoea kuutambua ubaguzi kwa sauti yake: tusi, kejeli uwanjani, mwenye nyumba anayekataa kumpangisha mtu mweusi. Ubaguzi wa waraka hautukani mtu. Unazungumza lugha ya heshima, unataja vifungu, na ofisa anayeutekeleza anaweza kuwa mpole kabisa. Ndiyo maana unadumu, na ndiyo maana unaumiza watu wengi zaidi kuliko matusi. GISTI waliamua kupambana na huu. Wanaandika vijitabu vya kuzieleza sheria kwa lugha nyepesi, wanatoa ushauri, wanawafundisha wanasheria na watu wa vyama vingine, tangu 1987 wanachapisha jarida lao la Plein droit, na inapobidi wanaishtaki serikali.

Ushindi wao mkubwa wa kwanza ulihusu ndoa na watoto. Julai 1974, uchumi ulipoanza kuyumba, Ufaransa ilisimamisha uingiaji wa wafanyakazi wapya kutoka nje. Waliokwisha kuingia walibaki, na amri ya Aprili 1976 ikaweka masharti ya kuwaleta wake, waume na watoto wao. Kisha tarehe 10 Novemba 1977 serikali ikatoa amri nyingine: kwa miaka mitatu familia zisije, isipokuwa wale watakaokubali kutotafuta kazi. Yaani mke wa mhamiaji angeweza kumfuata mumewe kwa kuiacha mpakani haki yake ya kufanya kazi. GISTI, pamoja na vyama vya wafanyakazi CFDT na CGT, wakaenda mahakamani. Tarehe 8 Desemba 1978 Conseil d'État iliifuta amri hiyo. Mahakimu walirudi kwenye utangulizi wa Katiba ya 1946, unaoitaka nchi iipe familia mazingira ya kustawi, wakasema kwamba mgeni anayeishi Ufaransa kihalali ana haki ya maisha ya kawaida ya familia kama raia, na kwamba haki hiyo inamruhusu kumleta mwenzi wake na watoto wao wadogo.

Wahenga waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walijua kwamba aliyeshika jembe hahesabiwi tena kuwa mtu wa kupikiwa. Anakuwa mmoja wa wanaoilisha nyumba. Ufaransa iliwapa watu hawa jembe siku ya kwanza, ikawaweka kwenye mabweni ya wanaume watupu, na kwa miaka mingi ikahesabu mikono yao bila kumhesabu mtu mzima mwenye mke na watoto. Hukumu ya 1978 ilimrudisha mtu huyo kwenye hesabu. Hakuna Mfaransa aliyepunguziwa kitu. Kinyume chake, maneno ya utangulizi wa Katiba ambayo yangeweza kubaki pambo yalionyeshwa kuwa yana nguvu ya kuifuta amri ya serikali.

Hukumu ya 29 Juni 1990 inalieleza hilo vizuri zaidi. Kesi ilihusu waraka wa 1986 juu ya Waalgeria, ambao hali yao ilitawaliwa na mkataba kati ya nchi mbili. Mpaka siku hiyo, kifungu cha mkataba wa kimataifa kikiwa na utata, Conseil d'État ilimwuliza waziri wa mambo ya nje maana yake, na jibu lake likawa ndilo neno la mwisho. Hebu tulitafakari hilo. Mtu anaishtaki serikali, halafu serikali hiyohiyo ndiyo inayoulizwa sheria inasemaje! Kwa kesi ya GISTI mahakama iliacha desturi hiyo na kuanza kuitafsiri mikataba yenyewe. Tangu hapo mfanyabiashara, mkulima au mlipa kodi yeyote anayetegemea mkataba wa kimataifa anasikilizwa na hakimu asiyeongozwa na mshtakiwa. Tarehe 12 Juni 2020 mlango mwingine ukafunguliwa. Polisi wa mipaka walikuwa wameandika maelekezo ya ndani wakiwashauri wahusika watoe maoni ya kukataa vyeti vya kuzaliwa kutoka Guinea. Mahakama ilitamka kwamba hata maandishi ya namna hiyo, yasiyo sheria wala amri, yanaweza kupingwa ikiwa yanaathiri kwa uzito haki au hali ya watu. GISTI walishindwa kesi yenyewe, kwani mahakimu waliona maelekezo hayo hayakumzuia ofisa kukichunguza kila cheti. Lakini kanuni ilibaki, na leo inatumiwa na watu ambao hawajawahi kuufikiria uhamiaji: kila anayeguswa na mwongozo wa ofisi ya umma anaweza kuupinga.

Kuna pingamizi ninalolichukulia kwa uzito. Nani aliwachagua hawa? Serikali imepigiwa kura, wananchi wametaka mipaka ibanwe, kisha wanasheria wachache wanaigeuza sera mahakamani. Jibu langu ni kwamba hakuna kesi hata moja kati ya hizi ambamo chama kilitunga sheria. Kilichopimwa ni kama serikali imefuata sheria ambazo taifa lenyewe limejiwekea, kuanzia Katiba. Bunge lilibaki na uwezo wake wote, na limeutumia: sheria za wageni nchini Ufaransa zimebadilishwa mara nyingi tangu 1980, mara nyingi kwa kukazwa, na GISTI wamezipinga bila kuweza kuzizuia. Kura inampa mtawala mamlaka ya kupitisha sheria. Haimpi ruhusa ya kuikwepa kwa barua isiyochapishwa.

Wengine husema kwamba kumtetea asiye na kibali ni kuhimiza sheria za nchi zivunjwe, na kwamba wananchi wakichoka, chuki inaongezeka. GISTI hawajifichi hapa: msimamo wao ni kwamba watu wawe huru kuvuka mipaka, na wahamiaji wote wawe na haki sawa. Mimi siamini kwamba msomaji lazima akubali msimamo huo ili aione thamani ya kazi yao. Mtu anaweza kutaka mipaka yenye ulinzi na bado akataka anayefukuzwa asikilizwe na hakimu kwanza, kama vile anavyotaka mwizi ahukumiwe badala ya kuchomwa moto. Ama chuki, ninaiona ikikua zaidi mahali ambapo mgeni hana haki. Mfanyakazi asiyeweza kulalamika hulipwa kidogo, mshahara wa jirani yake mwenyeji hushuka, na mwenyeji humlaumu mgeni badala ya kumlaumu aliyewapunja wote wawili.

Pingamizi gumu kuliko yote ni kwamba hukumu huchelewa, na wakati mwingine haifiki kabisa. Ushahidi wake uko karibu nasi, katika Bahari ya Hindi. Mayotte, au Maore, ni kisiwa cha nne cha Komoro, ambacho Ufaransa ilibaki nacho visiwa vingine vilipojitangazia uhuru mwaka 1975. Tangu 1995 Mkomoro wa kisiwa cha Nzwani anahitaji viza kuvuka kilomita kama 70 za maji ambazo babu yake alizivuka kwenda harusini. Wanavuka hata hivyo, kwa boti ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, na wengi wamezama. Mayotte ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, lakini sheria ya wageni inayotumika huko ni tofauti na dhaifu kuliko ile ya Paris: mtu anaweza kusafirishwa kabla hakimu hajalisikia shauri lake. Mwaka 2019 peke yake zaidi ya watu 25,000 walirudishwa kutoka kisiwa ambacho sensa ya 2017 ilihesabu wakazi wapatao 256,000. Novemba 2013 watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa mitatu, walikamatwa baharini. Maofisa waliwaandika chini ya mtu mzima aliyekuwamo kwenye boti hiyo, asiye ndugu yao, wakawasafirisha siku hiyohiyo kurudi Nzwani, ingawa baba yao aliishi Mayotte kihalali na alikuwa amefika kuwafuata. Tarehe 25 Juni 2020 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliitia Ufaransa hatiani. Miaka karibu saba ilikuwa imepita. Mtoto wa mitatu alikuwa anakaribia kumi.

Siwezi kulifunika hilo. Hukumu haimrudishii mtoto miaka yake. Lakini ona kilichowatenda watoto wale: mstari mmoja kwenye fomu, uliowageuza kuwa watoto wa mtu wasiyemjua. Mstari huo usingejulikana kama hakuna aliyeufuatilia, na wengine wengi wangeandikwa hivyohivyo kwa amani.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu wenyewe. Kituo cha Sheria cha Nairobi kilianzishwa 1973, mwaka mmoja baada ya GISTI, kuwasaidia maskini kisheria. Desemba 2012, baada ya mashambulizi ya maguruneti, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Amri ilitolewa kama taarifa kwa vyombo vya habari, ikafuatiwa na barua ya Januari 2013 kati ya makatibu wawili wa wizara. Watu waliokuwa na kazi, maduka na watoto shuleni walitakiwa waviache kwa sababu ya karatasi hiyo. Kituo kilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 26 Julai 2013 amri ikafutwa kwa kukiuka utu na uhuru wa kutembea ambao Katiba ya 2010 inaulinda. Mwaka uliofuata amri ya aina ileile ilirudi, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Kisha tarehe 9 Februari 2017 mahakama hiyo ilizuia kufungwa kwa Dadaab, kambi iliyokuwa na zaidi ya watu 250,000, katika shauri la Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na Kituo cha Sheria. Hakimu alisema waziwazi kwamba uamuzi uliowalenga Wasomali kama kundi ulikuwa wa kibaguzi.

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji mwenye ndugu Marseille, au jirani mkimbizi Eastleigh. Akinyimwa kibali dirishani kwa maneno ya mdomo, mwambie adai jibu la maandishi, lenye tarehe na sababu. Alitunze pamoja na bahasha yake, na alipeleke kwenye chama cha msaada wa sheria kabla muda wa kukata rufaa haujapita.