Mnataka kuvuka mpaka mke na mume kutafuta kazi? Someni hili kabla hamjauza mbuzi

Nimepotea karibu mwezi mzima, na wengine mlishaanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nahangaika na makaratasi ya kaka yangu na shemeji: mara Mhunze, mara Kahama, mwisho nikajikuta nimefika Rusumo. Na kwa vile kila wiki pale steshenari mjini Shinyanga ninapojazia watu fomu anakuja mtu na swali lile lile, "mdogo wangu, nikishapata pasipoti si naenda tu Kigali au Nairobi na mke wangu tukapiga kazi?", nimeona bora niandike yote sehemu moja.

Kwanza muwajue wahusika. Kaka ni fundi wa kuchomelea, ana mikono mizuri kweli, ila kazi yake huku inategemea mkandarasi akiitwa. Shemeji ana stashahada ya ualimu, somo lake Kiswahili. Tangu amalize chuo amekuwa akijitolea shule moja, mshahara wake ni asante na mahindi wakati wa mavuno. Mwishoni mwa 2024 wakakaa wakaamua: Rwanda. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Februari 2017, kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili lazima anatafutwa. Na fundi wa kuchomelea anakosa kazi wapi duniani?

Sisi wa ukanda huu kuhama si jambo geni. Kijana wa Songwa akisikia mwamba umetema Nyarugusu au Kakola, kesho yake yuko njiani na begi moja na simu. Akifika anaulizwa ana nguvu kiasi gani, haulizwi karatasi. Kaka alikwenda Rwanda na akili hiyo hiyo ya Kakola. Hapo ndo tatizo lilipoanzia.

Sasa tuelewane kuhusu hii Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 2009 na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Watu wengi wameisikia redioni kwa maneno mawili tu, "soko huria", wakaelewa kwamba mipaka imefutwa. Haijafutwa. Ndani ya itifaki ile kuna haki zaidi ya moja, na kila moja ina mlango wake. Kuna haki ya raia kuingia nchi mwanachama na kutembea. Kuna haki ya mfanyakazi kutafuta kazi na kukubali kazi aliyopewa kweli. Kuna haki ya kufungua biashara. Mtu akipita mlango wa kwanza haina maana amepita yote.

Ukifika mpakani wewe Mtanzania unagongewa muhuri wa mgeni, bure, na unaweza kupewa hadi miezi 6. Katika miezi hiyo unaruhusiwa kutembea, kulala kwa ndugu, kuzungusha vyeti vyako, kufanyiwa usaili. Kupokea mshahara hapana. Ukipata mwajiri mnasaini mkataba, na mkataba ukizidi siku 90 unatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu usaini. Kanuni zinawapa wenye mamlaka siku 30 kukijibu. Mkataba mfupi una pasi yake maalumu, nayo inaombwa. Rwanda na Kenya ziliondoa ada ya kibali kwa raia wa Jumuiya, na hilo ni jambo kubwa, lakini kuondoa ada si kuondoa kibali! Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta alisema Nairobi, Rais Samia akiwepo, kwamba Watanzania wakafanye kazi na biashara Kenya bila kusumbuliwa na vibali. Kauli ilipigiwa makofi sana. Ila ofisa wa dirishani hafanyi kazi kwa makofi, anataka karatasi.

Kitu kingine ambacho hakisemwi: kila nchi ilijaza jedwali lake la kazi ilizozifungulia wengine, na sehemu kubwa ni kazi za wenye vyeti, yaani wataalamu, mafundi sanifu na kadhalika. Kazi za serikali hazimo mpaka sheria ya nchi husika iruhusu. Sisi wa kidato cha nne tuliopata zile alama zetu (mnazijua) hatukuwa kichwani mwa waliojaza.

Basi. Walivuka Januari 2025, wote wawili na muhuri wa mgeni. Wakapata chumba Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambao Kiswahili kinasikika tangu zamani, ukiomba chumvi dukani unaeleweka. Shemeji akawa anatembeza barua shule kwa shule. Kaka kama kawaida yake hakuweza kukaa, wiki ya pili akapata gereji, analipwa jioni kwa jioni. Hakuna mkataba, hakuna jina, "wewe njoo tu". Akawa anatuma meseji za sauti nyumbani anacheka, maisha yamenyooka.

Mwezi Machi wakapita wakaguzi. Bosi wake akasema huyu simjui, alikuja kuazima mashine. Hebu fikiria, mtu uliyemchomelea mageti mwezi na nusu anakukana mbele yako! Kaka aliponea chupuchupu kwa onyo, na siku zake kumi alizokuwa anadai zikaenda na maji. Angeweza kurudishwa mpakani, pasipoti ikaandikwa vibaya, na hapo hata mlango halali ungekuwa umejifunga. Kuanzia siku ile akawa mtu wa kukaa ndani, akiba inaisha, na miezi sita haisimami kukusubiri. Shemeji aliniambia baadaye ndo kipindi walichogombana kuliko wakati wowote. Si kwa ubaya. Chumba kidogo, mwanaume mzima hana pa kwenda, na kila jioni mkewe anarudi na "tutakupigia".

Mwishoni mwa Mei shule moja binafsi ikampigia kweli. Mkataba wa mwaka mmoja, Kiswahili. Vigelegele.

Hapa sasa fungueni masikio nyie mnaopanga kwenda wawili. Itifaki inasema mfanyakazi ana haki ya kufuatana na mwenza wake na mtoto. Na inaendelea: huyo mwenza naye anaweza kuajiriwa au kujiajiri katika nchi ile. Ina maana katika mke na mume anahitajika mmoja tu mwenye mkataba ili mwingine apate mahali halali pa kusimamia, kisha naye akipata kazi yake anafuata utaratibu wa kibali. Kwa hiyo swali la kwanza mezani ni nani kati yenu mwenye karatasi inayotafutwa kule. Kwetu huku tunadhani lazima awe mume, eti ndiye anayetangulia. Kwa kaka na shemeji ilikuwa kinyume: cheti ni cha mke, kaka ni mtegemezi wa mkewe. Mzee aliposikia neno "mtegemezi" alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama zile ng'ombe alizotoa zirudishwe.

Alikuwa anatania. Nusu.

Lakini zile ng'ombe ndo zilikuja kuwa kesi yenyewe. Ofisi ilitaka cheti cha ndoa. Kaka na shemeji walioana kimila: mahari ilitoka, watu walikula, picha zipo. Cheti hakuna. Kwa Songwa nzima wale ni mke na mume, kwa dirisha la Kigali ni Watanzania wawili wanaokaa chumba kimoja. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila na inataka iandikishwe, tatizo ni sisi, nani anakumbuka kuandikisha baada ya pilau? Mwezi Juni kaka ikabidi arudi. Tukaanza kwa mtendaji wa kijiji kupata barua, tukamchukua Mzee na mjomba wa shemeji kama mashahidi, tukaenda Mhunze makao makuu ya wilaya kwa msajili. Tuliambiwa njooni kesho, njooni wiki ijayo, jina la shemeji limekosewa herufi moja haliendani na la NIDA. Hiyo herufi moja ilitula siku tisa. Angalieni majina yenu, cheti cha kuzaliwa, NIDA na cheti cha shule vifanane, na mfanye hivyo mkiwa bado nyumbani ambapo nauli ya kurudia ni bodaboda tu.

Pasipoti yenyewe si ngumu kama watu wanavyotishana. Tangu 2018 ni ya kielektroniki, fomu inajazwa mtandaoni, gharama ni shilingi 150,000, ambapo 20,000 ni ya fomu na inalipwa mwanzo. Ipo hati ya dharura ya safari kwa 20,000 na wengi wanaikimbilia kwa bei. Kwa kwenda msibani inafaa. Kwa mtu anayetaka kibali na kukaa mwaka, nunua pasipoti, inaishi miaka 10. Na msidanganywe na habari kwamba kitambulisho cha taifa kinatosha. Huo ni mpango wa Kenya, Uganda na Rwanda walioanza kuutumia 2014, Tanzania haikuingia.

Cheti cha ndoa kilipotoka nikamsindikiza kaka. Kahama, Ushirombo, Nyakanazi, Benako, unafuatana na malori ya mizigo ya Kigali njia nzima. Mama alikuwa amefunga michembe kwenye mfuko wa nailoni, nikamwambia kaka hamishia kwenye kapu, Rwanda mifuko ile wameipiga marufuku tangu 2008 na wanakagua kweli. Pale Rusumo kuna kituo cha pamoja kilichozinduliwa 2016 na Marais Magufuli na Kagame, unagongewa kutoka na kuingia sehemu moja. Mimi niliishia kabla ya daraja. Mjaza fomu za pasipoti za watu sina pasipoti, teh teh. Nikabaki nikiangalia maji ya Kagera mpaka basi lilipopotea. Wenzetu wako nyuma yetu saa moja, na magari yanapita upande wa kulia. Kaka mara ya kwanza nusura agongwe kwa kuangalia upande usio wake.

Kabla hatujawalaumu majirani, tujiangalie na sisi. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ikazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo huduma za kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni na uchimbaji mdogo wa madini. Wakenya walilalamika sana. Nimesikia vijana wa Maganzo wakishangilia, na wengine ni hao hao walionijia kuomba niwatafutie kazi Nairobi. Sina jibu la hilo, ila ukisimama dirishani Kigali na kaka yako ameshika bahasha, unaliona jambo hili kwa jicho tofauti kidogo.

Kuhusu mawakala nitasema kwa kifupi. Kaka mwanzoni alimlipa mtu mmoja mjini laki mbili za "kibali cha moja kwa moja". Kitu kama hicho hakipo. Kibali kinaanzia kwenye mkataba, na mkataba unatoka kwa mwajiri mwenye jina na anwani. Akikuomba hela kabla hujaona mkataba, ondoka zako.

Mpaka naandika, shemeji anafundisha kwa kibali chake. Kaka ameomba pasi ya mtegemezi, anasubiri. Gereji hagusi. Anapika, anajifunza Kinyarwanda kwa jirani (anasema angekuwa Mhangaza wa Ngara angeshamaliza), na kuna fundi mmoja mwenye karakana iliyosajiliwa amemwambia pasi ikitoka wakae waongee mkataba wa maandishi. Mzee anapiga simu kila Jumapili. Juzi aliuliza ugali wa kule unasongwa na nani, kaka akajibu, "Mimi, Baba." Mzee akasema basi usiweke maji mengi.

Pasi ikitoka, au ikikataliwa, nitawajuza. Na kama kuna mdau aliyepita njia ya Mutukula kwenda Kampala na mwenza wake, aandike hapa chini ilikuwaje, maana kesho kutwa kuna mama na mumewe wanakuja steshenari na Uganda siijui vizuri.