Je, Wajua? Kima wa Unguja Hula Makaa

Mgeni wa Unguja huanza na vichochoro vya Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na jioni humkuta Forodhani na bakuli la urojo mkononi. Ni mwanzo mzuri sana. Lakini asiishie hapo.

Katika msitu wa Jozani yupo kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu, duniani kote. Kando ya msitu huo hula majani machanga ya miembe na mikungu, yenye kemikali zinazolisumbua tumbo. Dawa yake ni ya ajabu: hutafuna makaa, hata yale yaliyobaki kwenye matanuri ya wachoma mkaa, nayo huzinyonya kemikali hizo.

Kusini zaidi ni Kizimkazi. Wengi huenda huko mbio kuwafuata pomboo, na inasikitisha kwamba huupita msikiti wa Dimbani, ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Bado unaswaliwa, anayetaka kuingia aombe ruhusa na avae kwa stara.

Kisiwani Changuu kuna kobe wakubwa, kizazi cha walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919.

Na anayesafiri Julai aulizie Mwaka Kogwa wa Makunduchi: wanaume wa pande mbili hupigana kwa vipande vya migomba, huku wanawake wakiimba.