Milima ya Huri: Majani Tele, Maji Hakuna

Mtu wa pwani akifika Nyeri hushangazwa kwanza na baridi, kisha na maji. Alfajiri moja nilikuwa natia udhu kwa maji ya kuuma mifupa, nikakumbuka kwamba Mto Chania upitao mjini humo huingia Sagana, nao Sagana ndio Tana, na Tana hutumwagikia sisi baharini kule Kipini.

Lakini ukivuka Nanyuki, penye ikweta, ukateremka hadi Isiolo, nchi hugeuka. Upepo wa bahari huishusha mvua yake kusini na mashariki ya Mlima Kenya, wenye mita 5,199; kaskazini hufika mkavu. Hata Mto Ewaso Ng'iro uendao huko huishia katika kinamasi cha Lorian.

Nanyuki ndipo nilipokutana na mzee mmoja Mgabra, Mwislamu, amekuja kumtazama mwanawe. Nilipomsifia mlima, alicheka. “Mwanangu,” akasema, “na sisi tuna milima. Ila yetu haina mto.”

Alikusudia Milima ya Huri, katika Marsabit, kaskazini ya jangwa la Chalbi, karibu na mpaka wa Ethiopia. Haifikii hata nusu ya urefu wa Mlima Kenya. Ni vilima vya volkeno, vya mviringo, na mvua zikinyesha huota majani ambayo mfugaji wa jangwani huyaota usingizini. Asubuhi hufunikwa na ukungu. Na chemchemi? Hakuna hata moja ya kudumu! Mvua ikishuka, mawe yale yenye vitundu huyanywa maji yote, nayo huja kutokeza chini kabisa, pembezoni mwa Chalbi, mahali kama Kalacha.

Basi majani yako juu, maji yako chini. Ngamia aweza kukaa siku kumi na zaidi bila kunywa, akapanda na kushuka, ng'ombe hawezi. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, uliwaua hata ngamia.

Nikamwuliza mzee, huko juu mwatawadha kwa nini?

“Twatayamamu. Maji ya kumwaga twayatoa wapi?”

Jioni nilimkuta kituo cha magari akingojea gari la Isiolo. Miguuni pake palikuwa na madumu manane ya plastiki, mapya, yamefungwa kamba.