SOMO LA NNE: KILA MCHE NA KIRIBA CHAKE

Ninyi wa Newala mlio juu ya uwanda, na ninyi wa Masasi mlio chini kwenye majabali, sogeeni karibu. Chukueni kalamu na karatasi. Amri nilizozitamka redioni herufi kwa herufi zimepigwa chapa hapa, ili msomaji asihangaike kuzikumbuka.

Juma lililopita nilipata barua ya mwanafunzi mmoja wa Newala. Anasema alikitengenezea chama chake cha msingi tovuti ya kuwaonyesha wakulima bei za mnada wa korosho na siku za malipo. Ilifanya kazi barabara. Kisha shule moja ya Masasi ikamwomba aitengenezee tovuti nayo. Akaianza kwa kompyuta ileile ya chama. Kesho yake wakulima wakaja kuuliza malipo yao, na tovuti haikufunguka. "Mwalimu," anauliza, "sikuigusa hata kidogo. Nani ameiharibu?"

Ameiharibu yeye mwenyewe, lakini simlaumu. Mimi pia nilifanya kosa hilohilo, na nikapoteza siku mbili nikilitafuta mahali lisipokuwapo.

Hebu tutazame. Tovuti zake zote mbili zimeandikwa kwa lugha ya Python, na zote mbili hutumia Django, yaani mkusanyiko wa zana za kujengea tovuti uliotolewa kwa watu wote mwaka 2005. Tovuti ya chama ilijengwa kwa Django toleo la 3.2. Kwa ajili ya shule alitaka toleo jipya zaidi, akaandika:

pip install django==4.2

Sasa, mahali pa pamoja pa kuwekea vifurushi vya Python pana nafasi ya toleo moja tu la kila kifurushi. Kompyuta ikatii: ikaliondoa 3.2, ikaliweka 4.2. Na toleo la 4.0, la Desemba 2021, lilikuwa limekwisha kufuta amri moja ya zamani iitwayo url, ambayo tovuti ya chama huiita kila inapowashwa. Ikaita, isiitikiwe, ikaanguka.

Mwenye kitalu cha mikorosho anajua dawa yake. Hapandi miche yote katika tuta moja mizizi ikasokotana, kwa maana akiung'oa mmoja atajeruhi wa jirani. Kila mche huuwekea kiriba chake na udongo wake. Kompyuta nayo ina viriba vyake. Toka mwaka 2012, lilipotoka toleo la 3.3, Python huja na zana iitwayo venv, ambayo kazi yake ni kutengeneza kiriba. Ingia katika folda ya tovuti ya chama, uandike:

python3 -m venv kiriba
source kiriba/bin/activate

Neno "kiriba" ni jina la folda tu. Ukipenda, liite jina jingine. Wenye Windows, mstari wa pili kwenu ni kiriba\Scripts\activate. Wenye Debian, huenda mkalazimika kuisimika kwanza python3-venv, maana huko haiji pamoja na Python. Baada ya hapo tazama mwanzo wa mstari: utaona neno kiriba limetokea ndani ya mabano. Hiyo ndiyo alama ya kwamba umo ndani. Sasa rudisha toleo la zamani:

pip install django==3.2.25

Limekaa ndani ya kiriba cha chama peke yake. Ukimaliza, andika deactivate, nenda folda ya shule, ufanye vivyo hivyo kwa 4.2. Tovuti mbili, kompyuta moja, wala hazigombani. Ila angalieni: uzio huu ni wa vifurushi tu. Tovuti zote mbili zikiandika katika hifadhidata moja, venv haitawaokoa.

Tena, kiriba si kaburi. Matengenezo ya usalama ya Django 3.2 yalikoma Aprili 2024. Kiriba kinampa mwanafunzi wetu nafasi ya kuihamisha tovuti ya chama polepole, msimu ukiisha. Hakimpi ruhusa ya kuiacha hapo milele.

Wengine wameniuliza juu ya bando. Mtandao ukiwa hafifu, kupakua vifurushi upya kwa kila kiriba ni hasara. Fanya hivi. Ukiwa ndani ya kiriba, andika orodha ya vilivyomo:

pip freeze > requirements.txt

Siku ukiteremka mahali penye mtandao mzuri, pakua vyote mara moja katika folda, tuiite ghala:

pip download -r requirements.txt -d ghala

Chukua ghala na orodha katika flashi. Ukifika nyumbani, tengeneza kiriba kipya, ingia ndani, na uviweke bila mtandao wowote:

pip install --no-index --find-links ghala -r requirements.txt

Kompyuta zote mbili ziwe na mfumo endeshi wa namna moja na toleo moja la Python, ama sivyo baadhi ya vifurushi vitakataa. Na usikibebe kiriba chenyewe. Ndani yake mmeandikwa njia kamili ya folda kilimozaliwa. Kikihamishwa, hakijijui tena.

Kazi ya nyumbani. Hakikisheni kwanza kwamba orodha imehifadhiwa nje ya kiriba. Kisha kifuteni kiriba chote, msiogope, mkijenge upya kutoka katika orodha, na muiwashe tovuti. Ikikataa, niandikieni ni neno gani lililotokea katika mstari wa mwisho wa kosa, nasi tutalisoma pamoja juma lijalo. Kwaherini.