Fahamu: Ramani na modeli katika tathmini ya athari kwa mazingira

Kabalagala, divisheni ya Makindye, Kampala, iko chini ya kilima cha Muyenga. Mvua ikinyesha, maji huteremka kuelekea bonde la Kansanga na hatimaye Ziwa Victoria. Kwa mradi mkubwa hapo, tathmini inayotakiwa na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, chini ya usimamizi wa mamlaka ya mazingira ya Uganda, NEMA, hufuata njia hiyo ya maji. Kompyuta hupandanisha tabaka za ramani, nyingine zikitokana na picha za setilaiti: mwinuko, udongo, mapaa, mafunjo. Modeli hukadiria kitakachotokea bati na lami vikichukua nafasi ya nyasi: maji hayapenyi ardhini, hujaza mitaro kwa dakika chache. Mafunjo nayo huchuja uchafu kabla haujafika ziwani, kunakovutwa maji ya bomba ya jiji, pale Ggaba. Lakini kalavati lililoziba kwa chupa za plastiki setilaiti hailioni. Lazima mtu ainame achungulie.