Kadi Inayoamua Sare

Katika The Newlywed Game, mchezo wa televisheni wa Marekani ulioshindanisha wanandoa wapya, ipo kanuni moja ambayo haitaki kunitoka akilini tangu nilipoanza kutazama vipindi vyake vya zamani. Ilitumika pale tu washindani walipofungana. Kila mume na mke walikuwa wamekwisha kukadiria jumla ya alama watakazopata, na kadirio lao limeandikwa kwenye kadi. Sare ikitokea, kadi zinafunuliwa. Wanaoshinda ni wale waliokaribia zaidi alama zao halisi, mradi wasiwe wamezizidi.

Tuseme jozi mbili za wanandoa wamemaliza wakiwa na alama 40 kila upande. Wa kwanza walijiandikia 70, yaani ukamilifu, kwamba hakuna swali litakalowashinda. Wa pili walijiandikia 35. Zawadi inakwenda kwa wa pili. Kwa hesabu ya jukwaani wote wanajuana sawasawa. Tofauti ni kwamba hawa walijua mapema kuwa mwenzao ana mambo wasiyoyafahamu, na wale hawakujua. Aliyejipunja anasamehewa, aliyejikweza hasamehewi. Na kadirio hilo linatakiwa kwa watu ambao harusi yao bado ni ya juzijuzi, wakati ambapo kila mtu anaamini mwenzake amekwisha kumfungulia moyo wote!

Mchezo wenyewe si mgumu. Zinakaribishwa jozi nne za wanandoa. Wake wanatolewa jukwaani, waume wanaulizwa maswali 3. Wake wakirudi wanaulizwa yaleyale, na mume anainua kadi yenye jibu alilotoa. Majibu yakilingana, wanapata alama 5. Kisha zamu inageuka: waume wanatoka, wake wanajibu maswali 4, matatu ya alama 10 kila moja na la mwisho la alama 25. Swali hilo la mwisho peke yake lina uzito zaidi kuliko mzunguko wote wa kwanza, kwa hiyo hata waliovurunda tangu mwanzo hawaachi kutumaini.

Sauti inayobeba yote haya ni ya mtangazaji wa mchezo, Bob Eubanks. Kipindi kilipoanza katika kituo cha ABC tarehe 11 Julai 1966, chini ya mtayarishaji Chuck Barris, Eubanks alikuwa na umri wa miaka 28. Alikuwa mtangazaji wa redio Los Angeles, na ndiye aliyewaleta The Beatles kwenye ukumbi wa Hollywood Bowl mwaka 1964. Kipindi kikafungwa, kikafufuliwa, kikafungwa tena, naye akawa anaitwa arudi, hata katika miaka ya 1990.

Msikilize anavyouliza. Swali analisoma polepole, kwa upole wa mgeni aliyepita kusalimia, kisha ananyamaza. Ukimya huo ndio ufundi wake. Mke anataja jibu kwa uhakika, kadi ya mume inainuka na neno lingine kabisa, na Eubanks haingilii. Anamtazama mmoja, anamtazama mwingine, anauliza kaswali kadogo ka kuongezea, basi. Wenyewe watamalizia. Mke atahamaki, atamchapa mumewe begani kwa kadi ileile, mume ataanza kujitetea, na mbele ya taifa zima yatatoka mambo ambayo hakuna aliyeyauliza: upishi, fedha, mama mkwe, hata ya chumbani, ambayo Eubanks aliyazungumza kwa tafsida ili yapite hewani.

Jambo moja mtazamaji hulisahau haraka: ukweli haupewi alama hapa. Hakuna anayekwenda nyumbani kwao kuthibitisha nani huanza kuomba radhi wakigombana. Mume na mke wakikosea kwa namna moja, wanapata alama zote. Mmoja akisema kweli na mwingine akasema la kumridhisha mwenzake, hawapati kitu. Ndoa ngapi zinaishi vizuri kwa kukubaliana juu ya jambo lisilo kweli? Na je, mchezo unakosea kuzipa alama?

Zawadi haikuwa fedha taslimu wala gari. Ilikuwa fanicha, vyombo vya umeme, safari, vitu vya watu wanaoanza maisha. Mtangazaji aliinadi kuwa imechaguliwa kwa ajili yao hasa, na ilikuwa hivyo, kwa sababu jozi zote nne zilizowekwa pamoja zilikuwa zimeomba kitu kilekile. Nawaonea huruma wanandoa wa zile jozi tatu zilizoshindwa. Wamekuja wakiwa na haja moja, wamefunua ya ndani kwao, wamerudi bila kile walichokifuata. Mazungumzo yao ya usiku ule yalikuwaje? Kamera ilikuwa imezimwa.

Watayarishaji wa vipindi wa kwetu wakitaka kuuiga mchezo huu, naomba wasiishie kwenye maswali ya aibu, maana hayo ni rahisi kuyatunga. Waichukue kadi ya sare, na waisogeze mbele: kila mume na mke wasome kadirio lao kwa sauti kabla ya swali la kwanza, watazamaji wote wakisikia.