Kremu glase ya Mudaka: tarehe peke yake haitoshi

Ndugu wachimbaji, mukishuka kutoka Nyabibwe kwenda Bukavu, gari inapita Mudaka. Pale njo tunakumbuka watoto. Mwenzetu mmoja alinunua kopo mbili za kremu glase kwa bei ya chini. Usiku, watoto wake wakatapika na kuhara mpaka asubuhi. Tulipotazama kopo, tarehe ilikuwa imepita miezi miwili. Sote tukasema: ni tarehe. Tukarudi kwa muuzaji. Akakubali: umeme ulikatika siku mbili, kremu ikayeyuka, akaigandisha tena.

Basi tuelewane. Penye wameandika « à consommer jusqu'au », ikipita hapana kula. Lakini kwenye kremu glase kwa kawaida wanaandika « à consommer de préférence avant ». Ile ikipita, utamu unapungua, lakini haigeuki sumu siku ileile, kama ilibaki imeganda kwa digri 18 chini ya ziro bila kukatika.

Hatari kubwa ni kuyeyuka. Baridi haiui vijidudu, inavilalisha tu. Kremu ikiyeyuka vinaamka na kuzaana. Ukiigandisha tena, vinabaki mule mule, hata kama tarehe ingali mbele. Na kuna vijidudu vinaingia tangu kiwandani: mwaka 2015 kule Marekani, kremu ya Blue Bell ilikuwa na Listeria. Watu 10 waliugua, 3 wakafariki. Kidudu hicho ni kibaya sana kwa mama mwenye mimba, maana kinaweza kuua mtoto tumboni.

Mbele ya kulipa, tazameni: kopo imevimba ao imepindika? Kremu imeshuka upande moja, iko na mabarafu makubwa juu? Kifuniko kinanata? Muache. Muulize pia umeme ulikatika lini. Frigo ya kugandisha iliyojaa, isipofunguliwa, inashika baridi karibu saa 48. Iliyo nusu, saa 24.

Mtoto akiharisha, mumupe maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya, na mumupeleke mapema.

Nanyi wauzaji wa Mudaka, tunawaomba: kilichoyeyuka kitupwe. Tunajua ni hasara. Lakini franga ya shimo tunaitafuta chini ya udongo. Isiishie kwa kununua ugonjwa wa watoto wetu.